Mashimo Sita ya Mama Feza

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya kadasta ya Kindu nilifanya kosa, na ninalitaja mapema ili msomaji ajue kwamba anayetaka kusahihisha wengine hapa amekwisha kusahihishwa yeye mwenyewe. Kadasta ni idara ya serikali inayopima ardhi na kutunza ramani za viwanja. Mpimaji wake tulimwita jeometre. Nilikuwa jeometre mpya, shati limepigwa pasi, na Mkuu wa Ofisi ya Vipimo alinituma komuni ya Mikelenge, mojawapo ya kata za mji, nikachore upya karatasi moja ya ramani iliyoliwa na mchwa.

Nilibeba teodoliti, ile darubini ya miguu mitatu inayosoma pembe, pamoja na mnyororo wa kupimia urefu. Ilikuwa Ijumaa, saa ya sala, na sikukuta mtu. Nilikuta mteremko mpana wa majani yaliyokatwa vizuri, na ndani yake maduara sita ya mchanga mweusi, kila moja kipenyo chake hatua kumi na mbili, yamefagiwa mpaka hayana alama ya mguu wa kuku. Nikafikiri kidogo, nikaandika kwenye ramani: "Sakafu sita za kuanikia mpunga." Maniema ni nchi ya mpunga, na jibu lilinitosha.

Mkuu wa Ofisi aliitazama ile karatasi kwa muda mrefu.

"Kijana, ule mchanga uligusa?"

"Hapana, Shefu."

"Ulinusa?"

"Hapana, Shefu."

"Iko na harufu ya mafuta ya mashine. Wewe kwenu munaanika mpunga ndani ya mafuta ya mashine?" Wenzangu waliinama juu ya meza zao wakicheka. "Basi haukuandika kile kiko. Umeandika mawazo yako. Rudi kule, gusa, nusa, uliza wenyewe."

Nilirudi. Hivyo ndivyo nilivyofahamiana na Mzee Selemani, mkewe Mama Feza, na binti yao Zaina, wenye uwanja wa gofu wa Mikelenge.

Kwa wasiojua mchezo huo: mchezaji hupiga mpira mdogo mgumu kwa fimbo ndefu yenye kichwa cha chuma, kutoka mahali pa kuanzia mpaka kwenye shimo lililo mbali, na anayetumia mapigo machache ndiye mshindi. Penye mashimo, nchi nyingine hupanda majani laini kama zulia. Kwetu jua na mvua haviruhusu, kwa hiyo mainjinia wa reli walioutengeneza uwanja huo zamani waliweka mchanga wa mtoni uliochanganywa na mafuta machafu ya injini, ili usipeperuke na mpira uteleze sawasawa. Mainjinia walipoondoka, mkata majani wao, Mzee Selemani, aliiomba serikali ardhi ile kwa jina lake mwenyewe, na mkataba aliopewa ulisema wazi: uwanja wa mchezo. Tangu hapo uwanja ulikuwa wa familia.

Haukuwa na geti wala nyumba ya wageni. Palikuwa na benchi moja la mataruma ya reli, mtungi wa maji na kikombe chake, na fimbo saba ambazo Mzee alizifua kwa nondo na kuzivika vipini vya raba ya tairi. Wachezaji walikuwa mwalimu, fundi wa magurudumu, padri, mganga wa zahanati, mtoto wa shehe, wote wakisubiriana kwa fimbo zilezile. Na palikuwa na sheria moja tu: anayekanyaga duara la mchanga hulifagia kabla ya kuondoka, akirudi kinyumenyume, ili asiache nyayo.

Nilisimamisha teodoliti nikapima usawa wa maduara yale. Ninaandika hapa kile nilichokisoma kwenye kioo: katika duara la kwanza, tofauti ya kimo kati ya ukingo na ukingo haikufika upana wa kidole. Katika la pili, vivyo hivyo. Nilipofika la sita nilirudia kusoma mara mbili, maana ofisi yangu yenyewe, iliyojengwa kwa saruji na wasomi, haikuwa na sakafu iliyonyooka namna ile.

"Mzee, ulisawazisha na chombo gani?"

"Karai la maji na uzi," alisema. "Na bibi yangu. Yeye njo anaona. Mimi naona vibaya." (Kwetu bibi ni mke, na njo ni ndiye au ndiyo.)

Mama Feza alikuwa amechuchumaa kando, shavu karibu na mchanga, akitazama. "Upande wa mugomba iko inapanda," alisema. Nilikuwa nimesoma hivyo hivyo kwenye kioo dakika moja kabla, na sikuwa nimemwambia mtu.

Nilikata maneno yangu ya mpunga kwa wino mwekundu, kama kanuni inavyotaka, bila kukwangua maandishi ya kwanza. Karatasi ile ingalipo.

Baadaye nilipelekwa Kasongo, kisha Kampene, ambako nilipima mipaka ya wachimbaji waliohamisha mawe ya mpaka haraka kuliko nilivyoyapanda. Niliporudi Kindu nilikuwa mimi mwenyewe Mkuu wa Ofisi ya Vipimo. Mzee Selemani alikuwa amefariki, na vita vilikuwa vimefika.

Vijana mnaosoma haya hamkuuona mji ule. Treni haikuja. Chumvi ilipimwa kwa kijiko. Mashamba ya nje hayakuendeka, na aliyekwenda mara nyingi hakurudi, kwa hiyo kila kipande cha udongo ndani ya mji kilipandwa mihogo, hata kando ya makaburi. Katika siku hizo Shefu wa Divisheni, aliyekuwa juu yangu, aliniita ofisini mwake.

"Ile ardhi ya Mikelenge, ya gofu. Inatakiwa. Ni patupu."

Ni lazima nieleze. Kwa sheria yetu, mwenye mkataba asiyeitumia ardhi kwa kazi iliyoandikwa anaweza kunyang'anywa. Lakini kwanza tume huenda mahali, hutazama, na jeometre huandika taarifa ya ukaguzi. Ikiandikwa "patupu", ardhi hurudi serikalini na kugawiwa mwingine. Mwingine huyo alijulikana: Komanda mmoja wa askari wa mji, aliyetaka kujenga.

"Shefu, tutaandika tutakachokiona," nilisema.

"Utaona nini, mon cher? Gofu, katika vita hivi? Kukiwa na majani, ni patupu. Kukiwa na mihogo, wamevunja mkataba. Chagua moja."

Kanuni ilinikataza kumwonya mwenye ardhi kabla ya ukaguzi. Sikumwonya Mama Feza. Ninaandika hivyo bila kujisifu. Kutwa nzima nilimwonea aibu hata bila kukutana naye.

Tulikwenda asubuhi: Shefu wa Divisheni, Komanda mwenyewe na askari wake wawili, na mimi na daftari langu na teodoliti. Kutoka mbali sikuona ila mihogo, nikadhani mkataba umevunjwa. Majirani wote wa Mikelenge walikuwa wamepanda pale. Tulipofika kwenye benchi la mataruma ndipo nikaelewa. Mihogo ilisimama kama kuta, lakini kati ya kuta zilipita njia sita za majani yaliyokatwa, zimenyooka, na mwisho wa kila njia palikuwa na duara la mchanga. Mama Feza alikuwa amewapa majirani pembe zote ambazo mpira haupiti, na kujiwekea zile unazopita. Mafuta ya injini hayakupatikana tena, kwa hiyo mchanga sasa ulikolezwa kwa mashapo ya mawese yaliyoletwa na wasukuma baiskeli kutoka upande wa mji mdogo uitwao Kama. Ulikuwa mwekundu badala ya mweusi. Nilipima upesi kwa macho, kisha kwa chombo. Tofauti haikufika upana wa kidole, kama zamani.

Komanda alianza kucheka.

"Mama, bantu banakufa na njaa, wewe unachezesha tu-mupira?"

"Njaa iko, Papa," alijibu Mama Feza. Alikuwa mwembamba mno siku hizo. "Mihogo njo ile. Mupira njo huu. Majirani banakula, na sisi tunakula. Hakuna kintu kinatuzuia kupiga."

Nikauliza swali la kanuni: "Mara ya mwisho palichezwa lini?"

"Leo."

"Na nani?"

"Miye na Zaina. Bado jua halijawaka. Kila siku, Bwana Jeometre. Tukiacha siku moja, majani yatajua."

"Uongo," Shefu wa Divisheni alisema.

"Basi onyesha," Komanda alisema, akakaa kwenye benchi.

Zaina, ambaye sasa alikuwa mwanamke mzima, alichukua fimbo. Mpira wenyewe ulikuwa mzee, umepakwa rangi mara nyingi. Alisimama, akatazama njia ya nne, ambayo ndiyo ndefu na iliyopinda, akapiga. Nimesikia milio mingi katika miaka ile, na yote ilitufanya tuiname. Ule haukuwa hivyo. Tuliinua vichwa sote, Komanda na askari wake pia. Mpira ulipanda juu ya kuta za mihogo, ukakaa angani kuliko nilivyodhani kitu kinaweza kukaa, ukashuka ng'ambo ya kona, tusikoona.

"Umepotea," askari mmoja alisema.

"Hauwezi kupotea," Zaina alisema. "Kwenda uone, kaka."

Tulikwenda. Ulikuwa hatua tatu kutoka kwenye mchanga. Mama Feza alichukua fimbo fupi, akachuchumaa, akaweka shavu karibu na ardhi, kama nilivyomwona mwaka wa kwanza wa kazi yangu, akainuka, akausukuma. Uliingia shimoni bila haraka. Komanda aliingia katika duara na viatu vyake vya kijeshi, akainama kutazama ndani ya shimo kama mtu anayetafuta ujanja.

"Papa Komanda," Mama Feza alisema, "mwenye kuingia, anafyagia."

Askari walisimama wima.

"Miye?"

"Ata padri anafyagia. Ata marehemu bwana yangu alikuwa anafyagia, na yeye njo alitengeneza." Akamnyooshea ufagio. "Hii njo sheria ya hapa. Hatuna ingine."

Komanda aliutazama ufagio, akatutazama sisi. Akaupokea. Alifagia vibaya, mbele mbele.

"Hapana, Papa. Kinyumenyume. Ukienda mbele unaacha tena nyayo."

Akaanza upya, akirudi nyuma taratibu mpaka akatoka nje ya duara, na mchanga ukabaki mtupu. Aliurudisha ufagio kwa Mama Feza.

Shefu wa Divisheni aliniinamia. "Andika patupu. Tumalize."

Nilikuwa na watoto nyumbani na nilimwogopa, sikatai. Niliandika taarifa nimesimama, daftari juu ya mkono, kisha nikaisoma kwa sauti kama kanuni inavyotaka: "Uwanja wa gofu wenye mashimo sita, unatumika kila siku na kutunzwa kwa usawa kamili. Mihogo ya majirani iko kando, haizuii mchezo. Mchezo umeonwa na tume. Duara la nne limefagiwa na Komanda mwenyewe."

Shefu alifumba macho. Komanda alisogea.

"Umeandika nilifyagia?"

"Ndiyo, Komanda. Ndivyo ilivyokuwa."

Aliinama juu ya daftari langu. "Basi andika muzuri," alisema. "Andika nilifyagia kinyumenyume."

Niliongeza neno hilo. Alitia sahihi, na baada yake Shefu wa Divisheni hakuwa na namna ila kutia yake. Wiki iliyofuata nilihamishiwa chumba cha kumbukumbu, ambako nilibaki mpaka kustaafu kwangu bila kupandishwa cheo. Sijutii, na sitaki mtu aandike kwamba nilijuta.

Ninayaandika haya kwa sababu ya hasira. Majuzi radio moja ya mji ilitangaza kwamba uwanja wa Mikelenge "wa mashimo tisa" uliachwa wakati wa vita, na kwamba sasa kuna ombi la kuukata viwanja vya kujenga. Mashimo ni sita. Haukuachwa hata siku moja. Kwa sababu ya tangazo hilo Konsevateri wa Hati za Ardhi, yaani afisa anayetunza hati na kuamua maombi ya viwanja, mwanamke kijana aliyeteuliwa hivi karibuni, aliniita ofisini kwake. Nilikwenda na faili langu, nakala ya taarifa ile ndani yake, limefungwa kwa uzi.

"Mzee, ninaheshimu," alisema, "lakini hiyo ni karatasi ya zamani. Sheria inanidai niione ardhi ilivyo leo. Twende sasa hivi."

Njiani nililishikilia faili langu. Mama Feza alikwisha kufariki, Zaina anauza mchele sokoni, na mimi miguu inauma, sikuwa nimefika pale miezi mingi. Niliogopa kuona majani marefu.

Hatukuweza hata kuingia. Dereva wa motataksi alikuwa amesimama mahali pa kuanzia, fimbo juu, na muuguzi mmoja, kofia ya kazi kichwani, akatuzuia kwa mkono.

"Mungoje, munajua? Muntu iko anapiga."

Konsevateri alingoja. Alipoona mpira unapanda alifungua mdomo, akasahau kuufunga. Kisha Zaina, niliyedhani yuko sokoni, alikuja kutoka shimo la pili akitembea polepole, akamsalimu, na Konsevateri, aliyekuja na maswali yake yameandikwa, hakuuliza hata moja. Alivua viatu, akaingia kwenye mchanga, akapiga magoti, akauweka mkono wake chini, wazi, kama mtu anayepima joto la mgonjwa.

Akaandika mistari miwili: "Uwanja wa mchezo. Unatumika." Akaigonga muhuri juu ya goti.

Nilikuwa nimesimama nyuma yake na faili kwapani, tayari kueleza kila kitu. Hakugeuka. Nimelirudisha nyumbani likiwa bado limefungwa.