Kuku wa Kuhesabia Nne

Unyoya wa kuku uliochovywa kwenye maji ya moto una harufu ambayo sabuni haiiwezi. Nimeishi Muscat miaka mingi, nimerudi Dar es Salaam na stashahada yangu ya usindikaji wa vyakula, nina bucha ya kuku Ilala yenye vigae vyeupe hadi darini, na vyote nimevipata kwa akili yangu mwenyewe. Lakini nikipita Kariakoo pale wanapochinja kuku, naziba pua na kuharakisha hatua.

Nilipokuwa darasa la saba, mvua ya masika ilinyesha mpaka uchochoro wa banda la mama, palepale Kariakoo, ukawa uji wa damu, utumbo na matope. Mama alinyonyoa kuku wa wateja, lakini mikono iliyofanya kazi ilikuwa yangu. Maji yalikuwa yale yale tangu asubuhi; kufika adhuhuri yalikuwa mazito, ya kijivu. Kazi ile ina siri moja: maji yafuke tu, yasitokote, na kuku umhesabie nne umtoe. Ukizidisha, ngozi inatoka pamoja na manyoya, na mteja anakutupia kuku wake. Darasani waliniita Bi Manyoya, wala hakuna aliyetaka kukaa nami dawati moja. Mdogo wangu Shabani yeye alipanda juu ya tenga tupu akaimba, wateja wakacheka. Nikilalamika, mama alisema, "Muache, mwenzio ana sauti. Huo mvuke utamharibu."

Shabani ndiye mwimbaji mnayemwona kwenye televisheni, na katika kila mahojiano anasimulia alivyonyonyoa kuku utotoni. Mwezi uliopita alinipigia simu.

"Shikamoo dada. Watu wa televisheni wanakuja bandani. Wewe sema tulinyonyoa wote, basi."

"Wewe ulinyonyoa nini?"

"Dada nawe! Si bucha yako itatajwa?"

Utoto ule ulikuwa mchafu, lakini ni wangu, ndio ulionifanya mtu. Naye alitaka kuuvaa kama shati la jukwaani. Nilikwenda kwa sababu mama aliomba.

Shabani, na miwani yake ya jua, alimtumbukiza kuku kwenye maji yanayotokota, akamwacha humo huku akiieleza kamera mateso yake. Alipomvuta, ngozi ilimbakia vidoleni kama soksi iliyolowa.

Mama akasema kutoka kwenye kigoda chake, "Shabani, unamnyonyoa au unampika? Mpe dada yako."

Wanawake wa mabanda ya jirani wakaangua kicheko. "Staa, rudi juu ya tenga!"

Nilikunja mikono ya gauni, nikawaambia watu wapunguze moto. Kuku wa pili nilimhesabia nne, nikamaliza kumnyonyoa huku Shabani akiwa bado anajifuta vidole. Nilitegemea kujisikia mshindi. Bucha yangu ina mashine ya kunyonyolea, miaka yote hii sijashika unyoya, na vidole havikuwa vimesahau kitu. Hilo ndilo lililonichefua kuliko uchochoro wenyewe.

Nilirudi dukani nikanawa kwa ndimu mara tatu. Mteja wa kwanza alinusanusa, akauliza kama jokofu limeharibika. Nikamwambia hapana, ni mimi.