Nguzo ya Ggaba na Fomu ya Nakasero

Niliondoka Bukoba kwa sababu ya nguzo moja ya mbao. Ilisimama majini Ggaba, mwalo wa samaki ulio pembeni mwa Kampala, imepakwa rangi nyeupe na kuchorwa mistari ya sentimita. Kwa miaka sita Hajati Zamzam aliisoma kila asubuhi kabla ya kufungua meza yake ya samaki. Mimi hufundisha chuoni, na kazi yangu ni kulinganisha kimo cha ziwa kinachopimwa na setilaiti na kile anachokiona mtu aliye ufukweni. Setilaiti nayo hukosea, na bila nguzo hakuna wa kuisahihisha.

Mwalo ukaanza kujengwa upya. Wajenzi walisema wataing'oa nguzo tusipokuwa na barua ya serikali. Ndipo likatoka tangazo la ruzuku ya serikali ya Uganda kwa utafiti wa anga za juu na sayansi ya dunia, hata kwa sisi majirani wa Tanzania, mradi tuwe na mshirika Mganda na fomu iletwe kwa mkono. Tukiipata, barua ya serikali tungekuwa nayo. Nikaona Mungu amenifungulia mlango, nikafunga begi.

Mutukula, mpakani, saa nne asubuhi. Ofisa wa uhamiaji aliniuliza ninakwenda kufanya nini. Nikamjibu: utafiti wa anga. Alivitazama viatu vyangu vilivyojaa vumbi, akagonga muhuri. "Ukifika huko juu utusalimie," alisema. Nilicheka mpaka nilipokaa tena kwenye kiti changu cha basi. Naliandika hilo kwa sababu sikucheka tena safari nzima.

Kisugu, Kampala, jioni. Hajati alinipokea kwake. Ni Mnubi, babu zake waliletwa Uganda na jeshi la wakoloni kutoka Sudan, na mumewe marehemu alikuwa dereva wa lori. Aliniandalia gurusa, mikate yao myembamba ya ngano, na mchuzi wa bamia. Nilipomaliza kunawa akavuta kiti.

"Mwalimu, kwa hiyo fomu, jina yangu iko wapi?"

"Hii hapa, Hajati. Mshirika."

Aliisoma herufi kwa herufi, kidole juu ya karatasi. "Watoto yangu nasema mimi naangalia mti kwa maji kila siku, nimerukwa na akili. Hii nitawaonyesha."

Nakasero, katikati ya Kampala, kwenye ofisi za ruzuku, saa tatu asubuhi. Hajati alivaa gurbaba yake ya Idi, kitambaa cha kujifunga alichokuwa amekipiga pasi alfajiri. Langoni mlinzi mmoja, mwanajeshi mstaafu wa kaskazini, alituzuia kwa upole.

"Mama, ni mwenye barua ya mwaliko peke yake ndiyo naingia. Wewe ngoja hapa, nitakupa kiti."

"Hakuna shida, afande. Mimi nangoja."

Nikamwacha hapo kivulini, begi lake la mkononi mapajani, nikapanda ngazi.

Ndani, afisa wa kupokea fomu aliweka ncha ya kalamu kwenye jina la Hajati. Aliuliza ana digrii gani. Nilisema hana, ila ana miaka sita ya vipimo. "Basi hawezi kuwa mshirika," alisema. "Hapo juu kuna daktari wa PhD anasaidia watu kama nyinyi. Futa huyo, andika yeye." Nilifuta. Daktari alitia sahihi akiwa amesimama, akaniuliza kama Ggaba bado kuna sangara wazuri. Hakuuliza kitu kingine.

Niliporudi, afisa alikuwa ameufungua mchoro wetu wa vipimo. "Na hii? Setilaiti inasema maji ilikuwa inapanda. Mtu wenu anasema ilishuka karibu mita moja, kwa asubuhi moja tu."

Hiyo asubuhi nilikuwa naikwepa mwaka mzima. Nilisema sijui, na kweli sikujua. Ningeweza kushuka ngazi nikamuuliza mwenyewe, alikuwa pale chini kwenye kiti cha mlinzi. Lakini mapokezi yalikuwa yanafungwa saa sita, na nyuma yangu foleni ilikuwa inaguna.

"Andika kosa la msomaji," alisema afisa. "Wengi naandika hivyo."

Nikaandika, kwa mkono wangu, kwa herufi kubwa zinazosomeka.

Langoni Hajati alisimama aliponiona. "Wamenikubali?"

"Fomu imepokelewa," nilimjibu.

Ggaba, asubuhi ya pili. Mitumbwi ilikuwa inapakua samaki, na mafundi wameshachimba mpaka karibu na nguzo. Niliuliza kama mtu anayeuliza tu: siku ile maji yaliposhuka ghafla, kulitokea nini?

"Haikushuka," Hajati alisema. "Maji ilikuwa karibu kumeza nguzo yote. Nikaita mwenye mtumbwi, tukaing'oa, tukaisimamisha huku juu. Lakini nilipima."

Alilifungua daftari kwa nyuma. Ndani ya jalada, uzi mrefu mweusi wa kushonea ulikuwa umekunjwa na kushikizwa kwa pini mbili, na pembeni tarehe.

"Hii uzi ni kutoka namba ya zamani mpaka namba mpya, siku ileile, maji ileile. Kila namba ya baada, ongeza hii tu."

Lilikuwa sahihisho safi kuliko mengi niliyowahi kuona kwa wenye shahada. Nilimuuliza kwa nini hakunitumia.

"Wewe ulisema nitume picha ya ukurasa ya namba peke yake, nisijaze simu yako. Uzi si namba."

Kweli nilisema. Nakumbuka hata siku.

Nilimpigia afisa pale pale. "Madamu, ikishagongwa muhuri haifunguliwi," alinijibu, akakata. Nikaliomba daftari kwa Hajati, nikapanda bodaboda mpaka Nakasero. Mlinzi alinikumbuka, lakini siku hiyo sikuwa na barua ya mwaliko. Akanionyesha kile kiti. Nilikaa mpaka ofisi zikafungwa, na hakuna aliyeniita.

Bukoba, nyumbani. Baada ya miezi miwili barua ilikuja: tumepata ruzuku. Fedha ni za picha za setilaiti na kompyuta, na kiongozi wa mradi ni yule daktari wa sangara. Aya ya mwisho inasema kwamba kwa kuwa msomaji wa ufukweni haaminiki, kama mwombaji mwenyewe alivyokiri, upimaji wa Ggaba usiendelee. Wiki iliyofuata nguzo iling'olewa.

Mnaosoma haya huku nyumbani mtataka kujua nimejifunza nini. Nimejifunza kwamba serikali ina fedha ya kutazama ziwa kutoka angani, na kwamba mimi, niliyekwenda kuokoa nguzo, niliiua kwa kuona uvivu wa kushuka ngazi. Najichukia kwa hilo, na sina namna nzuri zaidi ya kulisema.

Jana Hajati alipiga simu. Hakulia. Alisema wameipasua nguzo kuwa kuni, na kwamba asubuhi bado anakwenda pale, mguu umezoea.

"Lakini walisema sababu gani, Mwalimu?"

Daftari lake liko mezani kwangu, na uzi bado umo ndani.

"Hawakusema, Hajati," nilimjibu.