Ukuta wa Chumba cha Mama Mkwe Una Joto

Admin, ficha jina langu na la ukoo pia, maana huku kwetu watu hujuana hata kwa kikohozi. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na tisa, fundi wa stima, naishi mtaa wa Amalemba. Chuo sikuingia. Nilianza kwa kuchonga kuta na patasi kwenye saiti za wengine mpaka nikapata leseni yangu mwenyewe. Nina mke na binti mmoja. Au niseme nilikuwa nao, kwa sababu kwa sasa nyumba ni yangu peke yangu na sufuria zimekauka.

Mama mkwe alijengewa nyumba ya matofali kule Navakholo. Mke wangu akaniambia, "Baba Nafula, stima ya mama ni wewe." Nilifurahi kama mtu aliyepewa ng'ombe. Lakini kaka yake, shemeji yangu, ambaye hata kushika plaizi, koleo la fundi, alifundishwa na mimi, akasimama mbele ya watu: "Mkwe ataingiaje chumba cha mama? Si ni mwiko?" Kweli ni mwiko. Sisi Waluhya mkwe haingii chumba cha kulala cha mama mkwe, na meinswichi, ile swichi kuu ya stima, ilipangwa kukaa humo humo. Nikakubali kwa heshima. Kazi akaichukua yeye.

Siku moja, kabla ya plasta, nilipita nikachungulia kwa dirisha nikiwa nje. Kutoka meinswichi kwenda jikoni shemeji aliweka paipu moja tu ya milimita ishirini, na ndani yake akasukuma waya tatu nene za shawa ya maji moto, tatu nene za jiko, tatu za soketi na mbili za taa. Kumi na moja! Jamani, paipu ya ishirini ukitoa unene wa plastiki inabaki na tundu la kama kumi na sita. Ukijumlisha nafasi inayochukuliwa na waya zote pamoja na ngozi zake, haifai kufika hata nusu ya tundu hilo. Nafasi inayobaki si hasara, ni ya joto kutokea; lisipotoka, ngozi ya waya huyeyuka na moto huwaka. Zake zilipita robo tatu. Shawa ilitaka paipu yake, jiko paipu yake, na hizo nyingine paipu yao.

Nikamwita. "Shemeji, hizi waya ulizipitishaje?"

"Nilipaka sabuni ya kipande, nikavuta na vijana wawili. Zikateleza."

"Ukiona unahitaji sabuni na vijana wawili, paipu inakuambia imekataa. Na ngozi ya waya inachunika ukivuta hivyo."

Akacheka. "Zimepita, si zimepita? Basi zimetosha. Wewe una wivu wa kazi, bwana mkubwa."

Kupita si kutosha. Hata mguu hupita kwenye kiatu kidogo, lakini muulize mwenye mguu jioni. Sikusema hivyo. Nilisema tu avunje kabla ya plasta, nitaleta paipu mwenyewe. Neno likafika kwa mama mkwe likiwa limegeuzwa, naye akanitumia jibu kupitia mke wangu: "Mwambie mkwe asinihesabie waya chumbani kwangu." Plasta ikapigwa, rangi ikapakwa, wakaombea nyumba, ingokho, kuku wa sherehe, wakachinjwa. Mimi nilikula nikiwa nimekaa nje kwenye hema.

Mwaka huu mama mkwe akaugua miguu. Mke wangu akaenda kumuuguza na akamchukua binti yetu Nafula, ambaye akahamia shule ya huko. Shemeji naye, kwenye soketi za jikoni, akachomeka mashine ya kutotoa vifaranga na hita za kuwapasha joto. Hizo hazizimwi, mchana na usiku. Shawa ipo, jiko lipo. Mzigo wote unapita kwenye paipu ile ile, ndani ya ukuta ambao upande wa pili ndipo kitanda cha Nafula kimeegemea.

Juzi nilimpigia Nafula simu kumuuliza kama baridi ya mvua haimsumbui. Akaniambia kwa furaha, "Hapana baba, ukuta wangu unakuwanga na joto. Nalala nimeushika."

Niliweka simu chini nikalia, mimi mwanaume mzima, waya za mteja nikiwa nimezishika mkononi.

Nilimwambia mke wangu ahamishe kitanda na shemeji azime zile hita. Akasema mama mgonjwa hawezi kusumbuliwa kwa maneno ya wivu. Nikatuma fundi mwingine, mtu asiye mkwe wa mtu; shemeji akamrudisha kutoka kwenye geti. Nikasema basi nitaingia mwenyewe nizime meinswichi, na kama ni mbuzi wa kusafisha mwiko nitaleta. Mke wangu akasema polepole, "Ukivuka mlango wa mama yangu, usinihesabu tena kama mke wako. Na ukileta watu wa stima wakate, ni vile vile."

Nampenda huyu mwanamke. Alinioa nikiwa na nyundo na patasi tu, ndiyo, nasema alinioa, kwa sababu mimi sikuwa na kitu. Lakini mtoto wangu analala ameshika ukuta unaoiva.

Nivuke mlango ule nipoteze mke, ama nilinde ndoa nikisubiri simu ambayo sitaki kuipokea? Wenye wakwe, wenye mabinti, nielekezeni. Lakini tafadhali, msiniambie niombe tu. Naombanga kila siku, na paipu haijapanuka.