Mashine ya Mama Mkwe

Mwanangu, kuna siku moja ambayo kila nikiikumbuka hucheka peke yangu, hata watu wakadhani uzee umenipanda kichwani. Nimesikia kwamba asubuhi unafundisha shule na jioni unapiga picha za harusi, na mtu wa kodi akiuliza, unasema kamera ni ya shangazi. Basi kaa. Njia hiyo niliipita kabla yako, ila mimi sikuishia kwa shangazi. Niliishia kwa mama mkwe.

Ilikuwa miaka ile ya Wabelgiji, uhuru ukiwa bado. Nilikuwa kijana, nimeoa juzijuzi, nikikaa mtaa wa Nyamianda, hapa Uvira, na mke wangu Anjelina. Mchana nilipima pamba katika ghala moja, na bwana wa ghala mwenyewe aliikata kodi yangu kwenye mshahara, kwa hiyo sikuwahi kuisikia ikiuma. Jioni nilishona nguo. Nilikuwa nimenunua mashine ya kukanyaga kwa mguu, nikaipenda hata Anjelina akawa anaionea wivu. Niliambiwa mshika mbili moja humponyoka, nikacheka. Pesa za kushona hazikukatwa na mtu, nikazila zote: viatu vya ngozi, kofia, na bia ya marafiki kila Jumapili.

Kisha karani wa kodi, mtu mnene mwenye adabu aitwaye Bonifasi, akasimama mlangoni kwangu, mguu wangu ukiwa bado kwenye mashine.

"Hii mashini iko ya nani?"

Ningesema ni yangu, ningelipa kodi ya biashara na mambo yangeishia hapo. Lakini ningelipa na nini, na kodi yenyewe nimeivaa miguuni? Nikakumbuka kwamba karani huyu huwaonea huruma wajane.

"Iko ya mama mukwe wangu wa Runingu," nikasema. "Ni mujane. Minye niko namusaidia tu."

"Weye uko mukwe muzuri sana," akasema, akaenda zake. Siku ile nilijiona ndiye mjanja wa Uvira nzima.

Mdomo huponza kichwa, mwanangu. Karani huyo alizunguka pia vijiji vya Ruzizi, na alipofika Runingu alimpa mama mkwe pongezi kwa mashine yake. Mama mkwe huyo, Mama Veronika, hakukataa wala hakukubali. Alimshukuru tu, akaanza kufunga safari.

Alikuja na wapwa zake wawili wenye mabega mapana. Akaketi uani akinigeuzia ubavu, maana kwetu mtu hasemezani na mama mkwe ana kwa ana, wala hampandishii sauti. Ilibidi Anjelina awe katikati, ingawa sote watatu tulisikiana vizuri kabisa.

"Anjelina, ambia mukwe wangu nimekuja kukamata mashini yangu."

"Anjelina," nikasema nikitazama kuku, "ambia mama ile ilikuwa maneno ya kodi tu."

"Muulize: alidanganya serikali, ao iko nadanganya minye?"

Anjelina hakuweza kulirudia swali kwa kicheko. Nikisema nilimdanganya karani, kesho habari iko ofisini, na keshokutwa kwa bwana wa ghala. Nikisema ni kweli, mashine inaondoka. Nikaendelea kutazama kuku, na mashine ikaondoka, vitambaa vya watu vya Noeli vikibaki nyumbani vimekatwa nusunusu.

Kuanzia hapo kila Jumamosi baada ya kazi nilipanda baiskeli kwenda Runingu, kushona kwa ruhusa kwenye mashine yangu mwenyewe. Mama mkwe alikwisha kukitangazia kijiji kizima kwamba ana fundi kutoka mjini. Pesa alipokea yeye. Mimi nilipewa ugali na ndagala, visamaki vya ziwani, tena nikala nyuma ya nyumba. Nguo za kijiji zilitangulia, za wateja wangu zikangoja. Mzee mmoja wa kanisa alinifuata hadi ghalani akiwa ameshika suruali yenye mguu mmoja, akaniuliza mbele ya wote kama nimemwona yeye ni korongo. Niliona aibu, na hofu pia, kwa kuwa bwana wa ghala alianza kunitazama kwa jicho jingine.

Karani aliporudi Runingu, mama mkwe hakungoja huruma. Alimlipa kodi ya biashara papo hapo, tena kwa furaha. Nilikuwapo, nimeinamia pindo la gauni. Kisha akaita "Anjelina!" na Anjelina siku ile alikuwa Uvira. Akaendelea vivyo hivyo, akiuambia ukuta:

"Anjelina, ambia mukwe wangu, mashini iko ya muntu mwenye iko nalipa kodi yake."

Lilinichoma lile neno. Nikainuka na uzi shingoni, nikamkimbilia karani njiani.

"Karani, tafazali, ile mashini iko yangu. Nilidanganya. Uniandike minye."

Bonifasi alicheka hata akashuka kwenye baiskeli. "Batu bote bananikimbia," akasema. "Weye njo wa kwanza wa kunifuata mbio." Aliniandika, akanionya vikali, nikauza viatu nikalipa kodi niliyoikwepa. Kwa neno la mama mkwe mwenyewe, mashine ilirudi Nyamianda. Pesa za Runingu hazikurudi, wala sikuthubutu kuzidai, kwani ningezidai kupitia nani?

Sikia basi, mwanangu. Mshahara una mtu wa kuukata kabla hujauona. Pesa ya pembeni mkataji wake ni wewe. Ikifika mkononi, toa kwanza fungu la serikali, uliweke mbali na fungu la bia, ndipo ule. Haba na haba hujaza kibaba. Usilolijua, nenda ukamuulize karani yeye akiwa mezani kwake, usimngoje asimame mlangoni kwako. Na jasho lako usiliandikishe kwa jina la mwingine, hata awe ndugu mwema namna gani. Serikali ilitaka kidogo kwangu. Mama mkwe alichukua msimu mzima, na alikuwa na haki.

Mungu akubarikie kazi ya mchana na ya jioni. Akupe riziki inayokutosha wewe na kodi yako, na kila kilicho chako uweze kukiita chako mchana kweupe, hata anayeuliza awe nani.