Magurudumu ya Mkangazi Mbichi

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hata leo nikiikumbuka nikiwa nakula, chakula hunishinda. Ni siku niliyomnyooshea kidole rafiki yangu mbele za watu nikamwita mharibifu, naye hakuwa na kosa. Nakusimulia kwa sababu nimekuona ukitazama kwenye simu watu wanaojiundia mashine za useremala kwa mbao, na juzi nimeona na wewe umeanza kupima na kukata. Ni jambo jema. Mimi nililifanya nikiwa na umri kama wako, hapa hapa Morogoro, kwenye banda letu la Kihonda.

Tulikuwa wawili. Mimi nilitokea Kondoa. Mwenzangu aliitwa Pius, Mluguru wa Matombo, mtu mpole, na akishika patasi unapenda kumtazama. Alilelewa na mjomba wake, na kwa Waluguru mjomba si mtu wa kutajwa hivi hivi. Huyo mjomba ndiye aliyemfundisha kazi, na siku alipomruhusu kushuka mjini alimkabidhi randa na misumeno yake mwenyewe.

Wakati huo tulipasua mbao kwa mikono kutwa nzima, mpaka mabega yanawaka moto. Mashine za kiwandani tulikuwa tunaziona tu kwa wenzetu. Tukapata mota kuukuu iliyokuwa ikiendesha mashine ya kusaga unga, tukapata shafti na beringi, tukakubaliana kwamba vingine vyote tutaviunda wenyewe kwa mbao: fremu, meza, mpaka magurudumu. Tulitaka msumeno wa mkanda. Kama hujauona kwa karibu, ni ukanda wa chuma wenye meno, unaozungushwa na magurudumu mawili makubwa, moja juu na jingine chini.

Mbao za magurudumu nilizileta mimi. Zilikuwa za mkangazi, nyekundu, zinapendeza kuzitazama, na zilikuwa zimepasuliwa siku chache tu nyuma. Pius aliinyanyua moja, akaipima uzito kwa mkono, akainusa.

"Juma, hizi bado zina maji," akasema. "Tuzipange kivulini, tuzitenganishe kwa vijiti zipitishe hewa, halafu tungoje."

"Tungoje mpaka lini?"

"Hata mwakani, ikibidi."

Nilimcheka. Tulikuwa na kazi ya madawati ya shule na mwalimu mkuu alikuwa anapita kila wiki kuuliza. Nikamwambia woga wake ni woga wa watu wa milimani. Maneno hayo niliyatamka mimi, kwa mdomo huu huu. Pius aliirudisha ile mbao chini. Alichukua kalamu, akaanza kuchora duara.

Siku tulipoiwasha, watu walitoka kwenye maduka ya jirani kuja kushangaa mashine ya mbao inayopasua mbao. Ukanda ulizunguka umetulia kabisa. Pius alicheka mpaka machozi yakamtoka. Alisema lazima mjomba wake aletwe aione.

Tulifanya kazi vizuri kwa wiki kadhaa. Kisha mvua zikakatika, ukaja ule upepo mkavu wa Julai, na mashine ikaanza vituko. Ilianza kwa kutetemeka. Baadaye ukanda ukawa unachomoka kwenye magurudumu. Asubuhi nakaza nati zote kwa nguvu zangu zote, mchana ukanda unaruka. Mwenye ufunguo wa banda alikuwa Pius, yeye ndiye aliyefungua kila asubuhi kabla sijafika. Wazo baya likaniingia, na wazo la namna hiyo likishaingia huona ushahidi kila mahali. Akikaa kimya, najiambia anaficha kitu. Akishauri tuizime kwanza tuikague, najiambia anataka kazi inishinde ili aweze kusema, "Nilikwambia".

Ikafika siku ambayo ukanda uliruka ukanichana mkono, hapa, juu ya kiwiko. Kovu unaliona. Mwalimu mkuu alikuwa amesimama mlangoni, na mama aliyetuuzia maandazi alikuwa amekuja kuchukua bakuli zake. Pius alikimbia na kitambaa anifunge. Nikamsukuma.

"Ni wewe!" nikapiga kelele. "Wewe ndiye unayelegeza nati. Unataka nife ili banda libaki lako!"

Alisimama pale, kitambaa mkononi.

"Juma, mimi?"

"Toka. Usirudi hapa."

Hakubishana. Alikusanya vifaa vya mjomba wake kimoja kimoja, akavipanga kwenye kikapu, akaacha ufunguo juu ya meza, akamuaga mwalimu, akamuaga yule mama, akaondoka. Mimi hakuniaga.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo ujinga wangu ulipozidi. Pius hayupo, ufunguo ninao mimi, na ukanda bado unaruka. Uliruka keshokutwa yake. Uliruka wiki iliyofuata mara mbili. Mtu mwenye akili zake angejiuliza. Mimi sikutaka kujiuliza, kwa sababu nilijua jibu litanipeleka wapi.

Aliyenifumbua macho ni Mzee Ambakisye, seremala mstaafu aliyekuwa akiishi mtaa wa pili. Alipita kuomba kipande cha mbao cha kurekebishia mlango wake. Nilimwamkia, akaitikia marahaba huku macho yake yako kwenye mashine. Akaniomba niizime. Akatafuta ufito, akaukata uwe sawasawa na upana wa gurudumu la juu kwa kufuata nyuzi za mbao. Kisha akaugeuza, akaupitisha kwa kukatiza nyuzi. Ufito ulizidi gurudumu kwa upana wa kidole kizima.

"Hili si duara tena," akasema. "Mbao imekauka ikasinyaa kwa upande mmoja. Imekuwa kama yai. Ukanda utakaaje? Ulizikausha kwa muda gani?"

Nikapitisha kidole ukingoni mwa gurudumu.

"Yule kijana wa Matombo hakukuonya?"

"Alinionya, mzee."

Aliuweka ufito juu ya meza taratibu. "Mimi nimesikia mtaani kwamba ulimfukuza kwa kuharibu mashine. Kama mimi nimesikia, basi na kwao wamesikia. Mbao nitaifuata siku nyingine. Wewe unajua pa kwenda."

Kesho yake nilipanda lori lililokuwa likifuata ndizi, na mahali liliposhindwa na barabara nikashuka nikatembea. Nilimkuta Pius nyumbani kwao akianika karafuu uani. Alinikaribisha, mkewe akaniletea kigoda na maji ya kunywa. Nilipiga magoti, mwanangu. Nikamweleza yote, mpaka ule ufito.

Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekusamehe," akasema. "Lakini sitarudi mjini."

"Nitawaita wote waliokuwepo, nitasema mbele yao."

"Sema, ni vizuri. Ila aliyenihusu mimi hutamwambia." Akaelekeza kidevu upande wa migomba, kwenye udongo mwekundu uliokuwa bado haujaota jani. "Habari ilimfikia mjomba kabla mimi sijafika. Nilimwapia. Akaniambia mtu hafukuzwi bure. Wiki ya tatu akaugua, akafariki akiwa ameamini hivyo."

Nilikwenda pale kwenye migomba nikasimama, nikasema kwa sauti kwamba kosa ni langu na Pius ni mtu safi. Migomba ilinisikia, basi.

Niliporudi mjini nilimwendea mwalimu mkuu, nikamwendea mama wa maandazi, nikapita duka kwa duka. Magurudumu niliyavunja, nikaunda mengine kwa mninga uliokaa miaka, tabaka juu ya tabaka, nyuzi zikipishana. Yalifanya kazi muda mrefu. Pius alifungua karakana yake huko huko Matombo. Tulihudhuria misiba ya kila mmoja, tukaulizana hali za watoto. Tulibaki watu wa kusalimiana.

Basi, mwanangu, unda mashine yako. Mbao ziache zikauke mpaka zimalize kusinyaa, hata kama mteja amesimama mlangoni. Na chombo ulichounda mwenyewe kikikosea, anza kukikagua mahali ulipoweka mkono wako wewe, ndipo uwaangalie wengine. Mwenzako akikuonya, usimcheke, kesho ukamgeuza mkosaji. Na kama umeshamkosea, nenda leo. Mimi nilichelewa wiki chache tu, zikatosha.

Mungu akulindie vidole na macho. Akupe subira mimi niliyoikosa, na akubakizie rafiki wa kuzeeka naye kazini. Amina.