Printa ya Ofisi ya Usharika

Nilikuwa karani wa usharika wetu hapa Kisarawe, na nilijiona mjuaji. Mchwa walipoanza kula vitabu vya ubatizo, niliviingiza vyote kwenye kompyuta, kisha nikavichoma nyuma ya jiko la kanisa. Mchungaji alinisifu mbele ya washarika. Nilivimba kichwa kwelikweli.

Wiki ya Pasaka alikuja bibi mmoja kutoka Chole. Jirani alikuwa amelivamia shamba la marehemu baba yake, akidai bibi si mtoto wa marehemu, na baraza la ardhi lingekaa Alhamisi baada ya sikukuu. Cheti chake cha ubatizo kilishapotea. Nikamtafuta kwenye kompyuta, nikamwonyesha jina la baba yake. Akaligusa kwa kidole.

"Nichapie basi, mwanangu."

"Njoo Jumanne, bibi. Printa ina kazi ya Pasaka."

Ukurasa mmoja tu! Ungenichukua dakika ngapi?

Siku hiyohiyo fundi kutoka Kibaha alikuja kuangalia kwa nini printa inatema karatasi tupu yenyewe. Alikunja uso.

"Dada, hii draiva, programu inayoendesha printa, ina tundu. Mtu aliye mbali anaweza kupitia hapo akaiamrisha kompyuta yako anachotaka. Niitoe, kesho nilete mpya."

"Baada ya Pasaka. Ratiba za ibada nitachapa na nini?"

"Basi zima intaneti."

Sikuzima. Kwaya zilikuwa bado zinanitumia nyimbo zao.

Alhamisi Kuu mchana, nikiwa nimeshika kikombe cha chai kwa mikono miwili, mshale kwenye kioo ulianza kutembea. Ulifungua faili la ubatizo, ukatulia, ukafungua jingine. Nikasema mausi imechoka, nikaigonga mezani, nikaendelea kukunja ratiba.

Jumanne hakuna faili lililokubali kufunguka. Fundi aliniuliza nakala nimeweka wapi. Sikuwa nayo popote.

Bibi alifika saa nne, amevaa kanga ya kanisani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

Nikamweleza kwamba mafaili yote ya kompyuta yamegoma kufunguka. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniogopesha zaidi.

"Basi tuangalie kile kitabu," alisema. "Nilikiona siku tulipombatiza mjukuu wangu. Mchwa walikuwa wamekula pembeni tu. Jina la baba hawakuligusa."