Tone la Mchuzi Kiganjani

Mpishi mkuu wa kantini ya kiwanda cha sabuni haonji kwa kijiko. Huchovya ncha ya mwiko, akadondosha tone la mchuzi katikati ya kiganja cha kushoto, akalilamba, akatazama ukuta, kisha akatamka neno moja: chumvi, au moto, au tayari. Akishasema tayari, hufunika sufuria na kuhamia nyingine. Wafanyakazi wa kiwanda wana tabia ya kugonga meza kwa vijiko chakula kikiwaudhi, na tangu ashike jiko hilo hawajagonga. Hulieleza jambo hilo bila majivuno, kama mtu anayetaja saizi ya viatu vyake.

Nyumbani ana binti wa miaka minne ambaye hali.

Majirani humwita mtoto huyo Njiti, kwa wembamba wa miguu yake. Jina lilianza kama utani na likazoeleka, hadi bibi yake akaacha kulikemea. Baba yake alikuwa mpakiaji wa maboksi katika kiwanda kilekile. Aliugua, akalazwa, akafariki mwaka jana. Mazishi yalipopita, mpishi alirudi jikoni, na watu wakanong'ona kwamba ana moyo wa jiwe. Alisikia minong'ono hiyo na haikumchoma, kwa sababu wakati huo hapakuwa na kitu kilichomchoma. Aliweza kujua kama maharage yamekolea chumvi, namna mizani inavyojua uzito wa mzigo. Ladha yenyewe haikumfikia.

Chekechea hufungwa kabla ya chakula cha mchana, kwa hiyo Njiti humaliza siku yake jikoni kwa mama yake, juu ya kigoda kilichowekwa kati ya magunia ya mchele na mlango wa stoo. Kutoka hapo huona kila kitu: mvuke, masufuria, mwiko mrefu kama kasia, na mama yake akipita huku na huko na kiganja kilichokunjwa kidogo.

Kliniki walikuwa wameshamchunguza. Choo hakikuwa na minyoo, damu haikuwa pungufu, kifua kilikuwa safi. Uzito tu ndio uliokuwa ukishuka. Muuguzi aliwapa tarehe ya kurudi, na siku hiyohiyo mama mkwe, aliyewasindikiza, akatoa uamuzi wake wakiwa bado kwenye benchi la kusubiria.

"Mwanangu, mimi sikulaumu," alisema. "Lakini nimeshazika mmoja. Tukirudi hapa na mtoto hajaongezeka, namchukua nikakae naye kwangu."

"Sawa, mama," mpishi alijibu.

Alitaka kukataa. Kukataa kulihitaji nguvu ambayo alijua iko mahali fulani ndani yake, kama mtu anavyojua kwamba ana sweta kabatini. Hakwenda kuitafuta.

Alichokifanya ni kupokea dawa za watu. Jirani yake, fundi cherehani, alikuwa wa kwanza: tangawizi mbichi iliyotwangwa na kukamuliwa, asali, ndimu kidogo, kijiko kimoja cha chai kabla ya chakula. Wanawe wote watatu walikulia dawa hiyo, alisema, na sasa wanamfilisi. Alikuja na kikombe mkononi na sindano bado imechomekwa kifuani mwa blauzi yake.

"Njiti, njoo kwa shangazi. Kunywa, ule kama mtu."

Mtoto alilamba kidogo, akaangalia mbele, kisha akatoa hukumu. "Ndimu imezidi."

"Haya, mkaguzi amefika," fundi cherehani alisema. "Mama Njiti, huyu umemzaa au umemwajiri?"

Msaidizi wa jikoni, mwanamke mnene mwenye kicheko cha haraka, alileta mbegu za maboga. Alizikaanga bila mafuta, akazisaga, akasema zinyunyizwe juu ya uji. Njiti aliugusa uji kwa ulimi na kusema mbegu zimeungua kidogo, jambo ambalo lilikuwa kweli. Baadaye yakaja maji ya ukwaju, ya kuamsha mate, na hayo yalikosa sukari. Mama mkwe alituma mtindi uliotiwa mdalasini. Njiti alisema uko tayari. Msaidizi akapiga makofi, lakini mtoto hakurudia kuuonja.

Mpishi alipopita kliniki kumuuliza muuguzi kuhusu vitu hivyo, muuguzi hakumcheka. Alisema kwamba mtoto wa umri huo hadhuriki na tangawizi na asali kwa kiasi kidogo, ila asali asipewe kamwe mtoto ambaye hajatimiza mwaka. Mbegu zisagwe vizuri zisije zikampalia. Na chochote cha kunywa kisijaze tumbo muda mfupi kabla ya mlo, maana tumbo la mtoto ni dogo kama ngumi yake. Mpishi aliyafuata yote kwa usahihi, kama anavyofuata vipimo vya mchele. Njiti aliendelea kuonja, na mama aliendelea kukwangua sahani na kuiosha.

Wiki ya kupima ilipofika, mama mkwe alikuja kukaa nao. Alikuwa na begi lake mkononi na jingine tupu limekunjwa kwapani. Hakueleza la pili ni la nini, na hakuulizwa. Mpishi aliona mahali alipoliweka, nyuma ya mlango, akaendelea kuchambua mboga.

Ilikuwa Jumapili na kiwanda kimefungwa; adhuhuri walipakua wali, maharage na mboga za majani. Mama mkwe aliketi kwenye mkeka na mjukuu wake. Mpishi alibaki amesimama kando ya jiko, kitambaa begani, akisubiri vyombo.

Njiti alichovya kidole kwenye maharage. Alidondosha tone katikati ya kiganja chake cha kushoto, akalilamba, akatazama ukuta.

"Tayari," alisema, akavuta kawa na kuifunika sahani yake.

Mama mkwe aliacha kutafuna. Alimtazama mtoto, kisha akamtazama mpishi kuanzia miguuni hadi usoni, polepole, kama anayempima nguo.

"Wewe sahani yako iko wapi?"

"Nimeshaonja, mama."

"Sijauliza kuonja. Nimeuliza sahani."

"Huwa sisikii njaa. Nashinda kwenye harufu ya chakula."

"Jioni?"

"Jioni namlisha huyu."

"Na wewe?"

Mpishi alikunja kitambaa, akakikunjua. "Nikipata chai inatosha."

"Basi huyu hajakataa chakula," mama mkwe alisema. "Huyu amemaliza kazi. Unaonja, unafunika, unaondoka. Tangu baba yake alale pale hospitali, amemwona nani akila humu ndani?"

Mume wake alikuwa akila na mtoto sahani moja, akimsukumia nyama upande wake kwa kidole na kudai imetembea yenyewe. Mpishi alikumbuka hilo kwa ukamilifu, hadi ufa wa sahani, na kumbukumbu ikapita mbele yake kama gari la watu wasiomhusu.

"Kaa chini," mama mkwe alisema.

"Mama, kweli sina hamu."

"Na huyu alipopewa tangawizi, aliulizwa kama ana hamu? Kaa, umeze."

Aliketi. Mama mkwe alimpakulia sahani iliyojaa kama ya mpakiaji. Mpishi alikata tonge, akalitia mdomoni, akalitafuna. Wali ulikuwa na joto na ulikuwa laini, na zaidi ya hayo hakuwa na cha kusema juu yake. Alimeza. Akakata jingine.

Njiti alifuatilia koo la mama yake kwa umakini wa mtu anayetazama fundi akifungua redio.

"Mama, hujafunika."

"Sifuniki."

"Bado hakijaiva?"

"Kimeiva. Tunakula."

Mtoto alilifikiria jambo hilo. Kisha akainua kawa kutoka kwenye sahani yake, akachungulia, akachukua kipande cha mboga akakitafuna upande mmoja wa mdomo. Akameza na kumtazama mama yake, aone kama ndivyo. Mpishi alikata tonge la tatu. Njiti akachukua wali. Hakumaliza hata nusu, na bibi yake hakumhimiza. Aliendelea kula akimsimulia mkwewe habari ya bomba lililopasuka mtaani kwake, kana kwamba mlo ule ulikuwa kama mwingine wowote.

Siku zilizofuata mpishi alikula kama mtu anayetumia dawa, asubuhi, mchana na jioni, ameketi, mtoto mbele yake. Kantini, wafanyakazi walipokwisha kuhudumiwa, alivuta kigoda cha pili hadi kwenye magunia. Msaidizi alisimama na ndoo mkononi.

"Mpishi anakula," alisema. "Nimwite daktari au mpiga picha?"

"Lete chumvi," mpishi alimjibu, na Njiti akasema chumvi inatosha.

Fundi cherehani alipopata habari, alikuja kudai kikombe chake. Kisha akakirudisha jioni hiyohiyo kikiwa na tangawizi na ndimu, akakiweka mbele ya mpishi. "Kumbe nilikosea mgonjwa," alisema, akaondoka kabla hajajibiwa.

Kliniki, mshale wa mizani ulisogea. Haukusogea mbali. Muuguzi alimpandisha Njiti mara ya pili kuhakikisha, akasema uzito umeacha kushuka na umeanza kupanda, kwamba si haba, na warudi tena. Aliuliza ni dawa gani kati ya zile iliyosaidia. Mpishi alisema hajui. Mama mkwe alimwangalia lakini hakumsahihisha.

Kabla ya kuondoka kurudi kwake, mama mkwe alichukua begi lile tupu nyuma ya mlango, akalikunja vizuri zaidi ya lilivyokuja, akalirudisha kwapani.

"Nikisikia umekula umesimama," alisema, "nakuja na mabegi mawili matupu. Nawachukua wote."

"Sawa, mama," mpishi alisema. Sauti ilikuwa ileile ya kwenye benchi la kliniki.

Jioni alipakua sahani mbili. Viazi vilikuwa vimeiva na havikuwa na ladha, kama vya jana. Njiti aliketi, akaweka kiazi karibu na mdomo, kisha akakisimamisha hapo, macho kwenye koo la mama yake.

"Anza wewe," alisema. "Meza."

Mpishi akameza.